Kipande: Nani Abebe Mzigo wa Kuthibitisha Haki ya Kufanya Kazi?

Katika madarasa yetu ya elimu ya siasa, kila tunapofikia somo la ukoloni na kazi za kulazimishwa, wanafunzi hulitaja upesi suala la kodi na suala la ardhi. Kodi ilimtoa mtu nyumbani kwake, na ardhi iliyoporwa ikamnyima mahali pa kurudi. Hayo ni kweli na hapana budi yasemwe. Lakini kuna chombo cha tatu ambacho hutajwa harakaharaka kana kwamba kilikuwa jambo la makarani tu, nacho ni kile kikaratasi alichotakiwa mfanyakazi akionyeshe ndipo akubaliwe kwamba ana haki ya kuwa pale alipo na kuifanya kazi anayoifanya. Tunakusudia kukijadili kikaratasi hicho, kwa sababu swali kililolizua halijamalizika. Mpaka leo mtu hufika kwenye lango la kiwanda, au kwenye mizani ya mpakani, au kwenye kituo cha ujenzi, akaulizwa: wewe ni nani, na una ruhusa gani ya kufanya kazi hapa? Swali lenyewe si baya kila mara. Jambo la kulipima ni nani anayeuliza, anauliza kwa manufaa ya tabaka gani, na asiyekuwa na jibu hupatwa na nini.

Tuanze na jirani zetu wa Kenya, maana huko ndiko chombo hiki kilikokomazwa kuliko mahali pengine popote katika Afrika Mashariki.

MWAKA MMOJA, SHERIA MBILI

Mwaka 1915 serikali ya Himaya ya Afrika Mashariki ya Kiingereza, nchi iliyobadilishwa jina mwaka 1920 ikaitwa Koloni la Kenya, ilitunga sheria mbili ambazo yafaa zisomwe pamoja. Ya kwanza ilihusu ardhi. Iliihesabu ardhi waliyokuwa wakiikalia Waafrika kuwa ni mali ya Mfalme wa Uingereza, na ikampa mlowezi wa Kizungu uwezo wa kukodishwa shamba kwa miaka 999. Ya pili ilihusu kuwaandikisha wenyeji. Kila mwanamume wa Kiafrika mwenye umri wa miaka 16 na zaidi alitakiwa aandikishwe, achukuliwe alama za vidole na apewe cheti ambacho angetembea nacho wakati wote. Cheti hicho ndicho watu walichokiita kipande.

Mlowezi alipewa karne kumi za kukaa bila kuulizwa. Mwenye nchi alipewa karatasi ya kuonyesha kila alipoulizwa. Hatudhani kwamba sheria hizo zilikutana katika mwaka mmoja kwa bahati tu. Shamba la ekari maelfu bila mikono ya kulilima ni pori, na walowezi walilijua hilo vizuri. Wengi wao walitoka Afrika Kusini, au walikuwa wakiitazama Afrika Kusini kama shule yao, na kwa miaka kadhaa walikuwa wakiidai serikali iwawekee utaratibu kama wa huko.

Vita Kuu ya Kwanza ilichelewesha utekelezaji. Maelfu kwa maelfu ya wanaume walikuwa wamechukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi, na wengi walikufa kwa maradhi na uchovu katika njia za huku kwetu Tanganyika. Waliosalia waliporudi makwao, kati ya mwaka 1919 na 1920, kipande kilikuwa kinawangoja. Wakati huohuo serikali ilikuwa ikigawa mashamba mapya kwa wanajeshi wa Kizungu waliomaliza vita hiyohiyo. Mpagazi na ofisa walitoka katika vita moja; mmoja akapata shamba, mwingine akapata cheti cha kumpeleka kulilima.

Kipande kilikuwa ni karatasi iliyokunjwa na kutiwa ndani ya kikopo kidogo cha bati, na kikopo kikafungwa uzi na kuvaliwa shingoni. Wakikuyu walikipa jina la mbugi, yaani kengele anayofungwa mbuzi. Mtu aliyewahi kuchunga anajua maana yake: kengele haimsaidii mbuzi kwa lolote, humsaidia mchungaji amjue alipo.

Ndani ya karatasi hiyo kulikuwa na jina la mtu, kabila lake, mahali atokako na alama za vidole vyake. Halafu zikafuata nafasi za kujazwa na mwajiri: tarehe ya kuanza kazi, aina ya kazi, kiwango cha mshahara, tarehe ya kuachishwa, na sahihi. Hapo kwenye sahihi ndipo penye siri yote. Mfanyakazi ambaye mwajiri wake hakumtilia sahihi ya kumwachia hakuweza kuajiriwa kihalali mahali pengine. Akiondoka, alihesabiwa kuwa ni mtoro. Na kwa kuwa nakala ya alama za vidole vyake ilikuwa katika ofisi kuu Nairobi, aliweza kufuatwa kutoka wilaya hadi wilaya, hata akibadili jina.

Ndugu msomaji atafakari kwa makini jinsi mambo yalivyogeuzwa hapa. Mkataba wa kazi, hata kwa sheria za mabepari wenyewe, ni makubaliano ya watu wawili. Mmoja akivunja ahadi, mwingine humshitaki katika kesi ya madai, na hakuna anayefungwa. Mlowezi aliyekataa kulipa mshahara alibaki katika utaratibu huo: mfanyakazi aende mwenyewe kwa hakimu akalalamike, kama ana nauli, kama anajua njia, kama hakimu hakula chakula cha jioni na mlowezi huyo jana yake. Lakini mfanyakazi aliyeacha kazi alikuwa mhalifu. Polisi walimtafuta kwa gharama ya serikali, yaani kwa fedha ya kodi aliyoilipa yeye na ndugu zake. Dola nzima ikawa nyapara wa shamba la mtu binafsi.

Tena kulikuwa na athari nyingine ambayo haionekani mara moja. Kwa kuwa mshahara wa zamani uliandikwa katika kipande, mwajiri mpya aliuona kabla ya kusema neno. Kijana aliyekuwa akilipwa kidogo Kiambu hakuweza kwenda Nakuru akadai zaidi. Karatasi ilikwisha kumsemea. Mabepari hupenda kuhubiri soko huria la kazi, kwamba kila mtu auze nguvu zake kwa bei anayoiona. Kenya walilifunga soko hilo upande mmoja kwa sahihi ya tajiri, kisha wakashangaa kwa nini Mwafrika "hana hamu ya kupanda ngazi".

NAIROBI, MACHI 1922

Mwaka 1921, baada ya bei za mazao kuanguka, walowezi walikubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Kodi nayo ilikuwa imepandishwa. Hapo ndipo alipoinuka Harry Thuku, kijana aliyekuwa mpiga simu katika ofisi ya Hazina ya serikali Nairobi. Thuku na wenzake waliunda kwanza chama cha vijana wa Kikuyu, na katika muda mfupi wakaona kwamba dhuluma yenyewe haichagui kabila, wakaunda Chama cha Afrika Mashariki. Madai yao hayakuwa ya nadharia: kipande kifutwe, kodi ipunguzwe, mishahara irudishwe, na wanawake na wasichana wasichukuliwe kwa nguvu kufanya kazi katika mashamba ya Wazungu.

Tarehe 14 Machi 1922 Thuku alikamatwa. Wafanyakazi wa mjini wakaacha kazi, na tarehe 16 umati mkubwa ukakusanyika nje ya kituo cha polisi alimofungiwa. Wazee waliokwenda kuonana na wakuu wa serikali walirudi wakiwaomba watu watawanyike. Mwanamke mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, aliwacheka wanaume kwa kutishika na kuwahimiza wasonge mbele. Polisi walifyatua risasi. Takwimu ya serikali ilitaja watu 21 waliokufa. Wengine waliokuwapo walitaja idadi kubwa zaidi ya hiyo. Muthoni alikuwa miongoni mwa waliouawa. Thuku alipelekwa kizuizini Kismayu, akazuiliwa miaka mingi.

Tunaitaja habari hii kwa kirefu kwa sababu katika vitabu vingi huelezwa kama mwanzo wa siasa za utaifa, na hilo ni sahihi, lakini yafaa tukumbuke kuwa waliokuwa wamesimama pale walikuwa wafanyakazi: wapishi, madobi, matarishi, watu wa reli. Mwanamke hakulazimishwa kuvaa kipande. Sheria iliwahusu wanaume. Muthoni alikufa kwa ajili ya mtu aliyekataa karatasi ambayo yeye mwenyewe hakutakiwa kuibeba.

Kipande hakikufutwa. Kilidumu robo karne nyingine.

VIDOLE VYA NANI?

Baada ya Vita Kuu ya Pili, upinzani ulikuwa umekomaa. Chama cha KAU kilikuwa kimeundwa, Jomo Kenyatta alikuwa amerudi kutoka Uingereza, na wafanyakazi wa Mombasa walikuwa wamegoma mji mzima Januari 1947. Mwaka 1947 serikali ikatunga sheria mpya ya kuandikisha watu. Mara hii kila mtu angeandikishwa, Mwafrika, Mwasia na Mzungu, na wote wangechukuliwa alama za vidole.

Kelele zilizopigwa na walowezi zinastahili kusomwa na kila mwanafunzi wa nadharia ya matabaka. Watu walewale ambao kwa karibu miaka 30 waliona ni jambo la kawaida kabisa Mwafrika kuchovywa vidole katika wino, sasa walitangaza kwamba alama za vidole ni za wahalifu na kwamba Mzungu mwungwana hawezi kudhalilishwa hivyo. Serikali ilirudi nyuma. Ikaundwa tume chini ya Sir Bertrand Glancy, na mwaka 1950 ikatafutwa njia ya kuwaokoa: mwenye elimu ya kutosha angeweza kutoa picha na sahihi badala ya vidole. Kwa maneno matupu sheria haikutaja rangi. Katika nchi ambayo watoto wa Kiafrika walio wengi walikuwa wamenyimwa shule, halikuhitajika neno la rangi.

Halafu ikaja Hali ya Hatari ya mwaka 1952, na Wakikuyu, Waembu na Wameru wakawekewa karatasi nyingine za kupita. Katika msako mkubwa wa Nairobi ulioanza tarehe 24 Aprili 1954, makumi ya maelfu ya watu walikusanywa na kuchujwa, na mwenye karatasi ya kazi isiyoridhisha alipakiwa lori akapelekwa kambini. Hata leo Mkenya huiita kadi yake ya uraia kipande. Lugha ina kumbukumbu ndefu kuliko sheria.

HUKU KWETU

Isidhaniwe kwamba Tanganyika ilisalimika. Haikuwa na utaratibu wa kumwandikisha kila mwanamume kama Kenya, kwa sababu haikuwa koloni la walowezi kwa kiasi kile, na kwa sababu Mwingereza aliitawala kwa dhamana ya mataifa na alilazimika kutoa taarifa huko nje. Lakini neno kipande tunalo, na lina historia yake.

Wajerumani walikwisha kuanza. Katika wilaya waliyoiita Wilhelmstal, ambayo ni Lushoto ya sasa, kila mwanamume mzima alipewa kadi, na kadi ilimtaka afanye kazi siku 30 katika kila miezi minne kwa mlowezi, kwa ujira uliopangwa. Aliyekuwa na kadi iliyojazwa aliachwa. Aliyekuwa na kadi tupu alipelekwa kazini kwa nguvu. Kadi ikawa ndiyo ushahidi wa kwamba mtu ametumikia.

Waingereza waliichukua hesabu hiyo ya siku 30 wakaitia katika mashamba ya mkonge. Kipande cha Tanga na Morogoro kilikuwa kadi yenye nafasi 30. Mkata mkonge aliyemaliza kazi aliyopimiwa kwa siku hiyo alitiwa alama moja. Asiyemaliza hakutiwa alama, hata kama ametoka jasho kutwa. Mshahara haukulipwa mpaka nafasi zote 30 zijae, na muda wa kuzijaza uliwekewa mpaka. Aliyeugua katikati, au aliyetaka kwenda kumzika mzazi wake, alikuwa na kadi yenye alama 22 ambayo haikuwa fedha wala haikuwa bure. Ilikuwa kamba ya kumrudisha. Tunaona tofauti hapa na ile ya Kenya. Kule karatasi ilisema mtu huyu ni wa nani. Huku ilisema mtu huyu amebakiza siku ngapi. Lengo lilikuwa moja.

Waliokuja kutoka mbali, Wanyamwezi, Waha, Wabena, Wangoni, Wamakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, na watu wa Ruanda na Urundi, waliandikishwa kwa namba, na kwa hiyo wakaitwa manamba. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya pamoja ya kuwatafuta vibarua, SILABU, ili wasishindane wenyewe kwa wenyewe na kupandisha ujira. Wengine wa mikoa ya kusini waliandikishwa na Wenela wakaenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini, na tutaona huko walikutana na karatasi gani.

Mjini hali ilikuwa kinyume. Shambani mtu alizuiwa asitoke. Mjini alizuiwa asiingie. Sheria ya mwaka 1923 kuhusu watu wasio na riziki, na ile ya mwaka 1944 ya kuwaondoa mijini wenyeji "wasiotakiwa", zilimpa mkuu wa wilaya uwezo wa kumrudisha kwao mtu asiyeweza kuthibitisha kwamba ana kazi. Katika Dar es Salaam misako ilifanywa mara kwa mara. Mchuuzi wa kahawa, mbeba mizigo wa sokoni, fundi baiskeli chini ya mwembe, wote hao hawakuwa na mwajiri wa kuwaandikia barua, kwa hiyo machoni pa serikali hawakuwa wakifanya kazi. Waliitwa wahuni. Kazi, kwa mkoloni, ilikuwa ile tu ambayo tajiri ameitilia sahihi. Tunaomba fikra hii ikumbukwe, kwa sababu tutakutana nayo tena mahali ambapo hatukuitarajia.

DOMPAS

Afrika Kusini ndiko utaratibu huu ulikopelekwa hadi mwisho wake. Mizizi ni ya zamani: mwaka 1809 katika Rasi ya Tumaini Jema sheria iliwataka Wakhoikhoi wawe na makao maalumu na wabebe hati ya kusafiria, na mwaka 1872 machimbo ya almasi ya Kimberley yakatoa amri ya pasi za wafanyakazi. Lakini chini ya ubaguzi wa rangi, mwaka 1952, makaburu walitunga sheria ambayo jina lake lilisema inafuta pasi. Ilichofanya ni kuzikusanya pasi zote za zamani katika kitabu kimoja, na kumlazimisha kila Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 na zaidi akibebe. Watu walikiita dompas, pasi ya kipumbavu.

Kitabu hicho kilikuwa na nafasi ya sahihi ya mwajiri ya kila mwezi. Mtu asiyekuwa na haki ya kukaa mjini hakuruhusiwa kubaki humo zaidi ya saa 72. Haki hiyo ilipatikana kwa kuthibitisha kuzaliwa hapo na kukaa hapo mfululizo, au kumtumikia mwajiri mmoja miaka 10 bila kukatiza, au kukaa kwa halali miaka 15. Mfanyakazi aliyekuwa na miaka tisa na nusu alikuwa tayari kuvumilia tusi lolote la tajiri wake, na tajiri alijua. Tarehe 9 Agosti 1956 wanawake wapatao 20,000 waliandamana hadi makao ya serikali Pretoria kukataa kubebeshwa vitabu hivyo. Tarehe 21 Machi 1960, kwa mwito wa PAC chini ya Robert Sobukwe, watu waliviacha vitabu vyao nyumbani wakaenda vituo vya polisi wakamatwe. Kule Sharpeville polisi waliua watu 69. Sheria za pasi hazikufutwa hadi mwaka 1986.

Wapigania uhuru wa huko waliishi nasi, na wengine walisoma Mazimbu karibu na mji wa Morogoro, katika ardhi iliyokuwa zamani shamba la mkonge. Manamba na mbeba dompas walikuwa na mengi ya kuambiana.

SWALI LINAPOULIZWA NA DOLA YETU WENYEWE

Sasa tunafika mahali pagumu, na somo la historia halifai lirukwe pale linapotugusa.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisema wazi kwamba katika nchi ya kijamaa kila anayeweza kufanya kazi hana budi afanye kazi, na kwamba kuishi kwa jasho la mwingine ni unyonyaji. Msingi huo ni sahihi na hatuuachi. Lakini msingi ni jambo moja, na namna ya kuutekeleza mitaani ni jambo jingine. Mwaka 1976 Dar es Salaam ilishuhudia operesheni ya Kila Mtu Afanye Kazi. Mwaka 1983, uchumi ukiwa taabani baada ya vita vya Kagera na kupanda kwa bei ya mafuta, ikatungwa Sheria ya Nguvu Kazi. Serikali za mitaa zilitakiwa ziweke daftari la kila mkazi anayeweza kufanya kazi, na mkazi awe na kitambulisho. Ndugu Edward Sokoine alikuwa Waziri Mkuu, na nia ya kupambana na ulanguzi na uzururaji ilikuwa nia njema inayoeleweka.

Kilichotokea mitaani kinajulikana. Watu wasio na kitambulisho cha kazi walikamatwa, wakapakiwa magari, wakapelekwa vijijini na katika mashamba ya mkonge. Wengi walirudi mjini baada ya muda mfupi. Na waliokamatwa walikuwa nani? Mlanguzi mkubwa alikuwa na ofisi, alikuwa na leseni, alikuwa na barua yenye muhuri. Aliyekosa karatasi alikuwa mchuuzi wa samaki, mshona viatu, kijana wa mkokoteni. Miaka ile mshahara wa kima cha chini haukumaliza mwezi, na hata familia ya mfanyakazi mwenye kitambulisho iliishi kwa vitumbua vya mama na mradi wa kuku. Uchuuzi huo ulikuwa ndio unaoilisha Dar es Salaam, na mgambo wa mtaa hakuuona kuwa ni kazi kwa sababu haukuwa na sahihi ya mwajiri.

Tumesema tungekutana tena na ile fikra. Mkoloni alikwisha kuondoka zaidi ya miaka 20, na kipimo chake cha kazi kilikuwa kimebaki katika droo za ofisi zetu. Vyombo vya dola vilirithiwa, na desturi ya kuuliza swali ilirithiwa pamoja navyo. Tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali mwaka 1991 iliiweka Sheria hiyo ya mwaka 1983 katika orodha ya sheria 40 zilizopaswa kufutwa au kurekebishwa. Wapo wanaosema kwamba tume ilikuwa kali mno. Maoni yetu ni kwamba katika sheria hii ilikuwa na haki, kwa sababu moja iliyo wazi: sheria ilimtwika asiye na kitu mzigo wa kuthibitisha, na mwenye kitu akapita.

MZIGO UKIHAMISHWA

Kuna makosa mawili ambayo tumeyasikia katika mijadala. La kwanza ni la wale wanaosema kila kitambulisho ni kipande cha mkoloni. Hilo si kweli. Mfanyakazi asiye na karatasi yoyote ni mawindo mepesi kuliko wote. Tazama ndugu zetu waliokimbia Burundi mwaka 1972 wakawekwa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Watu zaidi ya 162,000 kati yao walikubaliwa uraia wa Tanzania kufikia mwaka 2010, lakini vyeti vyao havikuanza kugawiwa hadi mwaka 2014. Kwa miaka hiyo mtu alikuwa raia kwa uamuzi na si raia kwa karatasi. Ameacha kuwa mkimbizi, na hana cha kuonyesha akienda kutafuta kazi Mpanda au Tabora. Hapo karatasi ndiyo iliyokuwa ukombozi, na kukawia kwake ndiko kulikokuwa dhuluma. Katikati ya muda huohuo, mwaka 2013, ikapita operesheni ya kuwaondoa wahamiaji haramu katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, na mkazi wa mpakani asiye na hati alijieleza kwa mdomo mtupu.

Kosa la pili ni la watendaji wanaodhani kwamba kwa kuwa Mamlaka ya Vitambulisho ipo tangu mwaka 2008, kadi zinatolewa tangu 2013, na hata laini ya simu haisajiliwi tena bila alama ya kidole, basi suala limekwisha. Teknolojia haijibu swali la tabaka. Kidole kinachotambuliwa na mashine kwa sekunde moja ni kidole kilekile kilichochovywa wino Nairobi mwaka 1920. Tofauti hutokana na kile kinachofuata baada ya kutambuliwa.

Tulinganishe sheria mbili zilizopo. Sheria ya mwaka 2015 ya kuratibu ajira za wageni inamtaka asiye raia awe na kibali kutoka kwa Kamishna wa Kazi, na mwajiri anayemwajiri mgeni bila kibali anatenda kosa. Hapa tajiri naye ameingizwa ndani ya swali, jambo ambalo sheria ya kipande haikulifanya kwa uzito huo. Lakini ikiwa ukaguzi utaishia kwa kibarua aliyevuka mpaka kuja kuvuna, na meneja wa kampuni akakaribishwa chai, tutakuwa tumerudi Kiambu.

Ya pili ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, na hapa tunataka makada wa matawi wasome wenyewe kifungu cha 15. Mwajiri anatakiwa ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi ya kazi yake: cheo, mahali pa kazi, tarehe ya kuanza, saa za kazi, ujira. Ukitokea mgogoro mbele ya vyombo vya sheria na mwajiri akashindwa kuleta maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa ni wake yeye. Na mfanyakazi anapoondoka, kifungu cha 44 kinamtaka mwajiri ampe hati ya utumishi. Katika kipande, sahihi ya kuondoka ilikuwa ni ruhusa ya tajiri. Katika sheria hii ni deni lake.

Hata hivyo kifungu hakitembei chenyewe. Katika vituo vingi vya ujenzi kibarua hudaiwa namba ya kitambulisho getini asubuhi, huandikwa katika daftari la mlinzi, hupanda ngazi na zege kichwani, na jioni hulipwa mkononi bila karatasi yoyote. Namba yake imechukuliwa. Maelezo ya kazi yake hayakutolewa. Akianguka kutoka ghorofani, msimamizi husema hamjui. Daftari la mlinzi, ambalo liliwekwa ili kumchunguza yeye, ndilo mara nyingine huwa ushahidi pekee kwamba siku ile alikuwa kazini, na ndiyo maana tunawashauri viongozi wa matawi ya vyama vya wafanyakazi walidai daftari hilo mapema, siku ileile, kabla ukurasa haujachanwa.